Kuku wananyonyoana manyoya: tazama kwanza wamedonwa wapi

Mtu akinipigia simu kuniambia kuku wake wanakulana, simuulizi kwanza anawalisha nini. Namuuliza wamedonwa wapi: vidoleni, mkiani, kwenye tundu la nyuma linapotokea yai, au kichwani? Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema, "Ngoja nende nikatazame." Akirudi, nusu ya jawabu anayo mwenyewe, kwa sababu kila mahali pana chanzo chake. Kuku aliyetobolewa nyuma hakupatwa na lililompata aliyenyonyolewa mkia, hata kama wote wawili wanatoka damu.

Nafuga hapa Bumbwisudi, Unguja, kuku wa mayai na chotara kidogo, na mengi ya haya nimejifunza kwa kuzika kuku wangu mwenyewe. Jengine la kulishika mapema: unachokiona leo mara nyingi kimeanza wiki mbili au tatu nyuma. Ukijiuliza tu jana kulitokea nini, utazunguka banda mpaka magharibi na hutakipata.

Kabla ya yote, ondoa damu machoni mwao

Kuku huvutwa na wekundu. Tone moja la damu kwenye unyoya huita banda zima, na wakishaonja, siku chache tu inakuwa mazoea ambayo hata chanzo kikiondoka wao hawaachi. Aliyejeruhiwa atoke sasa hivi, kabla hujaanza kutafuta sababu. Mweke peke yake kwenye tenga, pahala penye kiza, umsafishe jeraha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha umpake dawa ya vidonda ya buluu au ya zambarau inayouzwa maduka ya dawa za mifugo. Rangi hiyo inaficha wekundu, ndiyo maana dawa nyekundu haifai hapa. Muulize muuzaji mayai ya kuku huyo yasiliwe kwa siku ngapi. Swali hilo wengi hulisahau.

Aliyekufa naye asilale bandani hata saa moja. Mzoga ndiyo darsa la kwanza la kulana.

Halafu pindua ndoo, uikalie ndani ya banda dakika 20 bila ya kusema neno. Mara ya kwanza utaona kuku tu. Baadaye utamwona yule mmoja: manyoya yake kamili, yanang'aa kama kapaka mafuta, anatembea taratibu nyuma ya mwenzake, anasimama, anainamisha kichwa kutazama kitako cha mkia wa yule wa mbele, kisha anachomoa. Anachokichomoa hakitupi. Anakimeza. Mara nyingi wanaoanzisha ni wawili watatu katika kuku 100, na ndio wazima kuliko wote. Mtoe. Wiki moja peke yake inaweza kumpoza. Asipopoa, ana kazi kwenye sufuria ya pilau.

Siku hiyo hiyo tundika magunia upande unaopiga jua, uache juu pa kupitia upepo, na uning'inize mafungu ya mchicha, matembele au kabichi juu kidogo ya vichwa vyao, wayafikie kwa kunyoosha shingo. Mdomo wenye kazi haudoni mwenzake.

Au labda hawadonoani kabisa

Kuku aliyetaga kiasi cha mwaka hunyonyoka mwenyewe. Huanza kichwani na shingoni kushuka chini, ngozi haina jeraha, na ukimshika utahisi vishina vipya vinachomoza kama sindano. Kupungua ghafla kwa saa za mwanga nako huwaingiza kwenye kunyonyoka. Sisi wa Unguja tuliokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunajua taa zinavyoweza kuzimika ghafla. Mtetea anayeatamia hujinyonyoa kifua mwenyewe. Na ukiona mgongo na kisogo vimebaki wazi kwa mitetea wanne watano tu, wengine hawana kitu, msaili jogoo: hao ndio anaowapenda. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha.

Wadudu ni habari nyengine. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na kwenye maungio ya makuti, usiku hutoka kunyonya damu. Ukenda bandani mchana utasema hakuna kitu. Nenda saa mbili za usiku na tochi na kitambaa cheupe, ukipitishe chini ya fimbo wanazolalia. Kikirudi na michirizi ya damu, umemkamata. Kuku wanaowashwa hujidona wenyewe mpaka wakatoka damu, na wenzao humalizia. Safisha banda mpaka kwenye nyufa na uulize dawa kwa mtaalamu wa mifugo wa karibu. Wape na pahala pa kuoga vumbi, mchanga mkavu uliochanganywa na jivu.

Kipimo changu cha haraka ni sakafu. Kuku wakiwa uchi na manyoya yamejaa chini, wananyonyoka. Kuku wakiwa uchi na chini hakuna hata unyoya mmoja, wanayala.

Vifaranga wenye vidole vyekundu

Huku kwetu vifaranga hufungiwa ndani tangu siku ya kwanza, na wa kulaumiwa ni kunguru. Ndege huyu wa Kihindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ale taka za mji, akaona vifaranga ni vitamu zaidi. Kumfungia kifaranga ni sawa. Tabu ni kumfungia kwenye boksi tupu lenye balbu kali. Anatafuta cha kudona, haoni, anaona kidole cha mwenzake kinang'aa kwenye taa. Anakidona.

Kwa hiyo siku tatu za mwanzo mwaga chakula kwenye sinia au trei za mayai, kila pembe, wasitembee kukitafuta. Balbu ipandishwe juu au ibadilishwe iwe ya mwanga mdogo. Joto liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lipungue nyuzi 3 hivi kila wiki. Wanaotumia jiko la mkaa waangalie vifaranga wamelala vipi: wakirundikana kwenye jiko wanahisi baridi, wakikimbilia kutani wanaungua, na wote wawili wataishia kudonoana kwa kubanana. Wakitawanyika chumba kizima, mambo ni mazuri.

Mkia na mgongo: hapa nenda kwenye chakula

Haya ya mkia ndiyo yaliyonipata mimi.

Nilikuwa na mitetea 120, wanakaribia kutaga. Nachanganya chakula mwenyewe: mahindi, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi na vitamini za dukani. Dagaa nachukua ufukweni. Sasa dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa kiza. Mbalamwezi ikitanda samaki hawakusanyiki kwenye taa, na vyombo hukaa pwani siku kadhaa kila mwezi. Mwezi ule bei ilipanda, nikajiambia kwa mchanganyiko mmoja tu si neno. Badala ya kilo 10 za dagaa kwenye kilo 100 nikatia 5, pengo nikalijaza pumba. Mchanganyiko mmoja ukawa miwili.

Wiki ya tatu nikaona mtetea hana mkia. Nikadhani paka. Siku ya pili sita. Ami yangu, aliyewahi kufuga mjini zamani, akaja akasimama mlangoni, hata ndani hakuingia.

"Umewapunguzia nini?"

"Sikuwapunguzia kitu, ami."

"Mwanangu, kuku hali manyoya kwa kupenda. Umewapunguzia nini?"

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na ningeifanya kabla nisingepata hasara. Dagaa wakavu walio safi, nusu yao au zaidi ni protini. Pumba za mahindi zina kiasi cha sehemu moja katika kumi. Ukitoa kilo 5 za dagaa umetoa kilo mbili na nusu za protini; ukitia kilo 5 za pumba umerudisha nusu kilo. Umepoteza kilo 2 katika kila 100. Chakula changu kilikuwa asilimia 17, kikashuka 15, na kuku wa mayai anataka 16 hadi 18. Na si protini kwa jumla tu. Unyoya karibu wote ni protini, tena ile yenye salfa, na kuujenga kunataka methionini, moja ya chembe zinazojenga protini. Samaki wanayo kwa wingi, mahindi na pumba hazina ya kutosha. Kuku akiikosa anaitafuta pale anapoijua: kwenye unyoya wa jirani, khasa ule mchanga unaochomoza, ambao shina lake bado lina damu ndani. Akiukata, damu inatoka. Tumerudi kwenye wekundu.

Tangu hapo, dagaa wakipanda bei naongeza mashudu ya alizeti kwanza, kwa kuwa methionini yake si mbaya, na soya ikipatikana, kuliko kukimbilia pumba.

Kuna mtego mwengine kwenye dagaa hao hao. Waliosambazwa mchangani kukaushwa huuzwa na mchanga wao, na wewe unalipia mchanga kwa bei ya samaki. Chukua konzi moja ya dagaa waliosagwa, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo. Mchanga utakaa chini peke yake, utauona kwa jicho. Mimi sasa sinunui bila ya kupima hivyo, na wauzaji wameshanizoea na glasi yangu.

Chumvi nayo ina pande mbili. Ikikosekana, kuku huanza kutafuta damu na manyoya. Gramu 300 hivi kwa kilo 100 za chakula zinatosha. Lakini dagaa wanaotayarishwa kwa soko la Kongo huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na mabaki yao huangukia kwetu wafugaji. Ukitumia hao kisha ukatia chumvi kama kawaida, kuku watakunywa maji kama wanaofuturu, kinyesi kitakuwa maji, matandiko yatarowa, na manyoya ya nyuma yatachafuka mpaka yawe ya kudonwa. Onja dagaa. Ulimi wako utakwambia.

Mwisho wa chakula: kuku anayekula unga hukaa kwenye chombo muda mrefu kuliko anayekula punje zilizoshindiliwa, kwa hiyo hana nafasi ya uchokozi. Nafasi ya chombo iwe sentimita 10 kwa kila kuku mzima, wasisubiriane. Na kuku wanataka kitu chenye nyuzi, cha kuparura. Mimi hutandika pumba za mpunga, ambazo hapa Bumbwisudi hazina shida kupatikana baada ya mavuno, na jioni namwagia konzi mbili za mtama ndani yake. Huparura mpaka kiza kinaingia.

Tundu la kutagia

Hapa pana vifo vya haraka kuliko pote. Unamkuta kuku amelala, juu mzima, umgeuze, ndani hamna kitu. Utumbo umevutwa wote nje. Wengi husema kicheche. Kicheche huuma shingo na hukamata anachokiona. Hawa waliotobolewa nyuma wameuliwa na wenzao mchana, wewe ukiwa umekaa barazani.

Inavyokwenda ni hivi. Mtetea anapotaga, ukuta wa ndani wa njia ya mayai hutokeza nje kidogo, mwekundu, unang'aa kwa unyevu, kisha hurudi. Akitaga kwenye kiota chenye kiza hakuna anayeuona. Akitaga sakafuni, chini ya jua, mwenzake aliyesimama nyuma anauona vizuri sana. Mdono mmoja unatosha.

Basi ukikuta majeraha huko, jiulize kama viota vipo vya kutosha, kimoja kwa kuku 4 au 5, na kama viliwekwa kabla hawajaanza kutaga, wiki ya 16 au 17, wakavizoea. Upana wa sentimita 30 kila upande unatosha. Vinaweza kuwa vya mbao, ndoo kuukuu, hata pakacha lililolazwa ubavu, ila pakacha lichomwe moto kila baada ya miezi michache kwa sababu ya utitiri. Lililo muhimu ni kiza. Kiota kinachoelekea dirishani ni kiti cha maonyesho.

Swali jengine ni kama walianza kutaga mapema mno au wamenona. Mtetea mdogo anayetoa yai kubwa huchanika, na aliyenona misuli yake hairudishi kilichotoka haraka. Na mara nyingi mwenye makosa ni taa. Zanzibar mchana wetu mwaka mzima ni saa 12 hivi, ndiyo maana watu huongeza taa wafikie 14 au zaidi kidogo. Hakuna ubaya, lakini usimwashie saa nne za ziada kwa mpigo mtetea wa wiki 16. Ngoja afike 18 hadi 20, uongeze nusu saa au saa moja kwa wiki. Na balbu yenyewe isiwe ya dukani kwa sonara: ukiweza kusoma gazeti bandani usiku bila ya kukaza macho, mwanga umezidi.

Mayai yaliyovunjwa na kuliwa mara nyingi hutoka kwenye nyumba hiyo hiyo: viota vichache, sakafu yenye mwanga, na chokaa pungufu. Magamba ya chaza au kombe yaliyotwangwa, yakiwekwa kwenye chombo chake, husaidia ganda kuwa gumu. Okota mayai mara tatu kwa siku.

Kichwa

Majeraha ya kichwani na kwenye upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, ni ugomvi wa vyeo. Umeingiza kuku wapya, umechanganya wakubwa na wadogo, au majogoo wamezidi. Usiingize mmoja mmoja. Ingiza kundi, usiku. Wagonjwa na vilema wakae kwao. Zaidi ya hapo hayana mengi, hupoa wenyewe ndani ya siku chache ikiwa nafasi ipo.

Wakidonoana kila mahali, tazama banda

Kuku watano kwa mita moja ya mraba ni kiasi kizuri kwa wa mayai. Ukifika wanane unaomba shari. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, bati likipata moto kuku hutweta na hukasirika. Makuti juu ya bati hupunguza sana. Wakati wa masika matandiko hurowa na harufu ya amonia hupanda. Usiipime ukiwa umesimama, chutama mpaka kichwa chako kiwe kimo cha kuku, uvute pumzi mara tatu. Macho yakikuwasha wewe wa dakika moja, fikiria wao wa usiku kucha. Na chunguza matundu ya ukuta na makuti yaliyochakaa: mshale mmoja wa jua ukipiga sakafuni, kuku wote hukusanyika pale, na pale ndipo utakapokuta damu.

Kisu cha moto

Mara kwa mara nasikia mtu anatafuta wa kumkatia kuku midomo. Inafanyika, kwa kawaida kwa vifaranga wa siku 7 hadi 10, ncha tu, isiyozidi theluthi moja ya mdomo wa juu, na aliyefundishwa. Norway, Finland na Sweden wameipiga marufuku, kwa kuwa mdomo una mishipa ya fahamu na maumivu yake ni ya kweli. Kumkata kuku mkubwa kwa kisu cha jikoni ni ukatili mtupu. Hata ikifanywa sawasawa, njaa ya methionini inabaki pale pale. Umemnyang'anya kuku silaha, ugomvi hujaumaliza.

Kumrudisha aliyepona

Asirudi mpaka wekundu wote uishe na manyoya yaanze kufunika, wiki mbili tatu mara nyingi. Mrudishe usiku, na mwenzake aliyekuwa naye tengani kama yupo, umuweke katikati ya fimbo na si mwisho. Asubuhi uwe bandani kabla hakujapambazuka sawasawa, kwa sababu dakika za mwanzo za mwanga ndizo wanazokaguana. Chukua ndoo yako. Wakimzunguka kumtazama, waache. Akiinama mmoja kitakoni mwake, mtoe huyo mmoja.